Bismarckia ya laki mbili na nusu: nililipia mti, nikaletewa kuni

Kwanza niseme mti wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na aliyeniuzia, na hata huyo sijui kama nitafika mwisho wa haya maandishi nikiwa bado na hasira ileile. Tuone.

Nilikuwa naupita kila siku nikitoka kazini. Hizi bustani za kando ya barabara hapa Dar mnazijua: viriba vimepangwa hadi ukingoni mwa mtaro, vyungu vya saruji, vijana na mipira ya maji. Katikati ya ukijani wote ule palisimama kitu cha rangi ya fedha. Fedha kabisa, yenye buluu kwa mbali, majani yamekunjuka kama vile vipepeo vya kupepelea mkaa, ila vya jitu. Siku niliyoshuka kwenye gari nikapitisha kidole juu ya jani. Kidole kikatoka na unga mweupe, nta fulani hivi, na pale nilipopitisha pakabaki mstari wa kijani. Nikaisha hapohapo. Mtu mzima, nina ada za kulipa, nimepigwa na jani.

Muuzaji akasema unaitwa "Bizimaki" na asili yake ni Madagaska. Katika yote aliyoniambia, hayo mawili yalikuwa kweli. Ni mtende wa mapambo, Bismarckia nobilis, umepewa jina la Bismarck, yule kansela ambaye enzi zake ndipo Wajerumani walipojitwalia nchi hii. Mama yangu, mzaliwa wa Bagamoyo, alipoonyeshwa picha alicheka mpaka akashika ukuta. "Laki mbili na nusu kwa mkoche uliopakwa majivu?" Nilinuna. Baadaye nikaja kujua kwamba bibi wa watu hakukosea hata kidogo, kwani mkoche na huu ni ndugu wa karibu, na mvumo nao yumo kwenye ukoo huohuo. Yaani Mikocheni, mtaa wa hapa Dar, ilipata jina kwa mikoche, na leo watu wanalipa pesa kupanda binamu yake wa Madagaska mbele ya geti. Haya, nami nilikuwa mmoja wao.

Ulikuja na kirikuu, majani yamefungwa juu kwa kamba ya katani kama nywele za msichana wa shule, shina limesimikwa kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini. Shimo nilikuwa nimeshalichimba, jua tupu kutwa nzima kama unavyotaka, mchanga wetu wa Kigamboni nimeuchanganya na samadi. Kijana anayenisaidia bustanini akaipasua ndoo kwa panga taratibu, mimi nimelishika shina. Udongo ukamwagika wote. Haukuvunjika vipandevipande, ulimwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka, nikabaki nimeshika mti mkononi kama mwavuli.

Chini palikuwa na mizizi sita au saba, minene kama kidole cha mwisho, yote imekatwa mkato mmoja. Mikato bado myeupe. Hakuna hata uzi mmoja wa mzizi mwembamba. Kijana akanitazama, nami nikamtazama. Akasema polepole, "Mama, huu umeng'olewa juzi."

Huo mti haukukulia kwenye ndoo. Ulikulia ardhini mahali fulani, wakaufyeka mizizi, wakauchomeka ndooni, wakajaza udongo, wakaupeleka barabarani ukiwa bado na sura nzuri. Na kati ya mitende yote ya mapambo, huu ndio wa mwisho kuufanyia hivyo. Mbegu yake ikiota haianzi na jani. Inashusha kwanza kichipukizi chini, ndipo jani litoke baadaye. Tangu utotoni akili yake yote iko chini. Wanaojua kazi, wakitaka kuhamisha mkubwa, wanakata mizizi kuuzunguka halafu wanauacha palepale miezi kadhaa utoe mizizi mipya, ndipo wanauinua na bonge zima la udongo. Hiyo ni kazi ya subira. Huyu wangu alikuwa na subira ya kusubiri pesa tu.

Nikaupanda hivyohivyo, ningefanya nini? Nikaufunga miti mitatu ya kuegemea, nikamwagilia asubuhi na jioni. Majani yakaanza kuondoka kutoka chini, moja baada ya jingine, fedha ikageuka rangi ya mfuko wa kaki. Nilijiambia ni kawaida, unashtuka tu, utatulia. Nilikuwa natazama mshale, lile jani changa la katikati ambalo bado halijafunguka, kwa sababu mshale ukiwa mzima mti upo. Masika yalikuwa yameshaanza siku niliyoushika kwa vidole viwili nikauvuta kidogo, kwa kujaribu tu. Ukachomoka wote. Laini, bila kung'ang'ania, kama unavyochomoa jani la kitunguu. Kitako chake kilikuwa cheupe chenye ute, na harufu ya maji ya maua yaliyokaa kwenye chombo wiki mbili. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Ni kama mnazi uliotobolewa na chonga, yule mdudu wa minazi, hadi moyoni: moyo ni mmoja, hauna tawi la akiba.

Nikaenda kwa muuzaji na picha kwenye simu. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ana kijiti mdomoni. Hakusimama. Hakunikaribisha hata kivulini, na jua lile mnalijua. Akaitazama picha ya mizizi kama anaangalia matokeo ya mpira yasiyomhusu, akanirudishia simu.

"Mama, kuna watu hawana mkono wa kupanda."

Nikamwambia mkono wangu umepanda mwembe, umepanda michungwa, una mitende ya vyunguni kwenye baraza inayoota hadi inabidi niigawe. Akahamisha kijiti upande wa pili. "Ulitia samadi?" Nikasema ndiyo. "Ya kuku?" Nikanyamaza. "Basi umeuunguza mwenyewe." Vijana wake wakacheka.

Sasa hapa niwe mkweli, maana nimeanza kwa kuapa kusema ukweli, au kama sikuapa naapa sasa. Ilikuwa ya kuku. Na haikuwa imeoza vizuri, ilikuwa bado na moto. Usiku ule sikulala nikijiuliza kama ni mimi. Lakini samadi inaunguza mizizi, na ule haukuwa na mizizi ya kuunguzwa! Ndipo nilipotulia. Halafu nikaamka saa tisa nikiwa na wasiwasi tena. Basi tuseme yeye aliukata kichwa, mimi nikamalizia mazishi.

Pesa hakurudisha, hata nusu. Wakati naondoka, mmoja wa wale vijana waliocheka akanifuata hadi kwenye gari na kiriba kirefu, chembamba, ndani yake kuna majani mawili tu kama ncha za upanga, yenye wekundu wa zambarau pembeni. Akasema kwa sauti ya chini, "Chukua huu, mama. Nimeuotesha mwenyewe kwenye kiriba hikihiki, haujawahi kung'olewa. Ukipanda usivute, chana nailoni kwa wembe." Elfu kumi na tano. Nilimpa kwa hasira, sina hakika kwa nini nilimpa.

Nilichana kwa wembe. Safari hii sikutia samadi yoyote, mchanga na udongo tu. Ukakaa miezi bila kufanya lolote, nikamlaani na yule kijana pia. Kisha ukatoa jani la tatu. La nne likaja na mipasuko, upepeo mdogo wa saizi ya kiganja, na asubuhi moja nikaona lile jani limeanza kupata ukungu wa fedha. Nilipiga picha arobaini. Nilimtumia mama, akajibu, "Majivu yameanza."

Kwa hiyo nikiulizwa nyota ngapi, mti nitaupa tano, bustani ile sifuri, kijana nne (moja nimemnyima kwa kucheka). Ila msiupande kama hamna nafasi. Ukikomaa jani moja linaweza kufika upana wa mita tatu, na mimi nimeona watu wameusimika hatua mbili kutoka ukutani. Kwenye chungu nao utakaa udogoni tu, tena kiwe chungu kirefu cha kwenda chini, siyo hivi vipana vya saruji. Wenye baraza peke yake chukueni rapisi, huo wa majani ya vidole unaotoa mashina mengi pamoja. Hauhitaji jua kali, na wangu nimeusahau bila maji mara sijui ngapi, upo tu.

Nilitaka kuandika kwamba msikanyage kabisa pale. Lakini juzi nimepita nikaona Bizimaki nyingine kubwa, majani yamefungwa katani, udongo wa ndoo bado mbichi, na kaka mmoja mwenye gari jeupe anatoa pochi. Nikasimama, nikashusha kioo. "Kaka, muulize kwanza umeng'olewa lini."

Muuzaji hata hakushtuka. Akatabasamu, kijiti kilekile mdomoni, akamgeukia mteja wake: "Huyu mama ni mteja wangu wa siku nyingi. Muulize mwenyewe, wake aliouchukua hapa unaendeleaje."

Kaka akanitazama, anangoja jibu. Nyuma yake yule kijana ameshika mpira wa maji, ananitazama pia.

Nikasema, "Unaendelea vizuri," nikapandisha kioo.