Niliuziwa Narnia inayoishia simba anauawa

Naandika nikiwa na hasira na sifichi. Nilitaka kuandika kuhusu hadithi za kiingereza anazozipenda binti yangu, zile za wachawi na wanyama wanaoongea, maana wazazi wenzangu wananiuliza huyu mtoto wa kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, kiingereza kakitoa wapi. Ningeandika kwa utulivu kabisa kama si muuza vitabu mmoja hapa Dar, ambaye kila nikishika simu niandike namuona yeye tu mbele yangu.

Basi nianze na yeye. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, nikapita mjini kwa wale jamaa wanaopanga vitabu pembeni ya barabara, huyu yeye ana kibanda kabisa na mlango wa kufunga. Nikamwambia nataka kitabu cha hadithi cha kiingereza, mtoto yuko la tano, kiwe na mambo ya ajabu ajabu ili asichoke. Akanitolea The Lion, the Witch and the Wardrobe ya C.S. Lewis, kile cha 1950 kilichoanzisha habari zote za Narnia, ile nchi ya kubuni ya wanyama wanaoongea. Jalada linang'aa, ndani ni fotokopi lakini herufi zinasomeka. Nikamuuliza, kaka hiki kimekamilika? Akasema mzee, kila kitu kimo humo. Nikatoa hela.

Sasa ngoja niwaambie hicho kitabu kilitufanyia nini, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini nimekasirika kiasi hiki.

Tulikuwa tunasoma usiku baada ya kula. Yeye anasoma kwa sauti, mimi namsaidia, tukikwama wote wawili tunafungua kamusi. Watoto wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanatolewa London kwa sababu ya mabomu ya vita wanapelekwa shamba kwenye nyumba ya profesa mmoja mzee. Kupelekwa kijijini kukaa na mtu mzima msiyemjua vizuri, hilo mtoto wa huku halihitaji maelezo. Lucy anaingia kwenye kabati la nguo, anapapasa makoti ya manyoya, anaendelea kusogea, ghafla chini ya miguu ni theluji, mbele msitu, katikati ya msitu nguzo ya taa inawaka na kiumbe nusu mtu nusu mbuzi anakuja na mwavuli na vifurushi mkononi. Binti yangu alisoma ukurasa ule kidole kikitetemeka kwenye mstari. Na kiingereza chenyewe si kigumu kama watu wanavyotisha, sentensi nyingi ni za watoto wanaobishana, na mwandishi anaongea na msomaji kama mjomba aliyekaa pembeni yake. Kuna onyo analirudia rudia, kwamba ni ujinga kujifungia ndani ya kabati. Mara ya kwanza tulilifungulia kamusi, lilipokuja tena mtoto akalitambua mwenyewe, mbele ya safari akawa analimalizia kabla jicho halijafika mwisho wa mstari. Hakuna kitabu cha mazoezi cha kujaza nafasi zilizoachwa wazi kilichowahi kumfanyia hivyo.

Ile Turkish Delight ambayo mchawi anayejiita malkia wa Narnia anampa Edmund nilimwambia ni kama halua ya Zanzibar, akaelewa papo hapo na akamchukia Edmund zaidi, yaani umewauza ndugu zako kwa halua? Na Narnia ilivyorogwa iwe baridi mwaka mzima na Krismasi haifiki kamwe, hilo lilimuuma kweli, aliligeuza geuza hata wakati anaosha vyombo.

Sasa sura ya 14. Simba Aslan amekubali kuuawa na mchawi badala ya Edmund aliyewasaliti ndugu zake. Usiku anaondoka kambini peke yake, Susan na Lucy wanamfuata, anawaruhusu waweke mikono kwenye manyoya yake watembee naye kwa sababu ana huzuni. Wanafika kwenye Meza ya Mawe, majitu ya mchawi yanamfunga kamba, yanamnyoa manyoya ya shingoni, yanamfunga mdomo, na yeye anatulia tu wakati angeweza kuwararua wote. Mchawi ananoa kisu. Wasichana wamejificha vichakani wamefunika macho. Binti yangu anasoma hapo sauti imeshuka, mama yake kaacha alichokuwa anafanya, mdogo wake kalala lakini mimi najua hajalala. Akafika mwisho wa ukurasa. Akageuza.

Jalada.

Yaani hakuna kitu. Gamu, halafu kadi ngumu ya nyuma. Kitabu kizima kina sura 17, hicho kiliishia ya 14 simba anauawa. Binti akaniangalia akauliza, baba, amekufa kweli? Na mimi sijui, sikuwahi kukisoma utotoni, sisi tulikuwa na vile vitabu vya serikali basi. Nikamwambia kesho nitauliza. Hakulala vizuri, na mama yake akanigeukia mimi, kwamba hizi ndo hadithi gani za kumsomesha mtoto usiku, na kusema ukweli usiku ule hata mimi nilijiuliza.

Nikarudi kwa jamaa. Nilienda kwa heshima kabisa, nikamsalimia, nikamuonyesha mwisho, nikamwambia kaka hapa pamepungua, naomba zilizobaki au nibadilishie. Hakukishika hata kukiangalia. Akasema mzee hadithi inaishia hapo, ndo ilivyo. Nikamwambia haiwezekani, orodha ya sura iko mbele hapa, zimeandikwa 17, hebu hesabu na wewe. Akauliza mtoto anasoma shule gani. Nikamtajia. Akacheka akamwambia mwenzake wa kibanda cha pili, kwa sauti, watu wanapita: mtoto wa kayumba hata ukimpa nusu kitabu hawezi kujua.

Jamani.

Hela sikurudishiwa, na hela siyo inayoniumiza. Kinachoniumiza ni kwamba huyu mtu anaishi kwa kuuza vitabu vya watoto na moyoni ameshaamua mtoto gani anastahili kitabu kizima. Na siyo yeye peke yake anayefikiri hivyo, ndo maana naandika. Mtoto wa kayumba anasoma masomo yake kwa kiswahili mpaka amalize msingi halafu anaingia form one anakuta karibu kila kitu kiingereza, baiolojia, kemia, jiografia. Kama kuna mtoto anayehitaji kitabu kizima cha kiingereza nyumbani ni huyo huyo.

Sasa sikilizeni alichofanya huyo asiyeweza kujua. Siku hiyo narudi nyumbani nakuta daftari lake la zamani la hisabati limefunguliwa kurasa za nyuma, ameandika kwa penseli, kwa kiingereza, hakuna aliyemtuma: "Lucy have the medicine. Why she not give the lion?" Nilisoma mara mbili. Kumbe amekumbuka kule nyuma Father Christmas alipogawa zawadi, Peter upanga na ngao, Susan upinde na pembe, Lucy kisu kidogo na kichupa cha dawa inayoponya. Mimi nilishakisahau kile kichupa kabisa. Chini yake kaendelea kuandika mwisho wake mwenyewe, nusu ukurasa, Lucy anatoka kichakani usiku anamdondoshea simba tone moja mdomoni. Sarufi imepinda huku na huku lakini kila sentensi inaeleweka. Huyo ni mtoto ambaye ukimpa insha ya kiingereza ya "My School" anaandika mistari minne anaomba kwenda kunywa maji.

Bahati nzuri jamaa mmoja kazini alikuwa nacho kile orijino chenye michoro ya Pauline Baynes, akatuazima. Tukasoma sura ya 15. Sitawamalizia yote ila niseme tu wanakuja panya wadogo wadogo wanazitafuna kamba alizofungwa simba, na kinachofuata alfajiri pale kwenye Meza ya Mawe, binti yangu aliruka akamwamsha mdogo wake amwambie. Na kichupa cha Lucy kinafanya kazi yake baadaye, siyo pale alipodhani, na akasema wake ni mzuri zaidi, na sijambishia.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ipi? Nilikuwa nimepanga kusema msinunue, kwamba kwa mwanafunzi wa kiingereza ni kirefu, kinatisha, kuna damu na kisu. Na nusu yake bado naisimamia, mtoto wa miaka sita saba msimpe hiki, sura ya 14 ni nzito na anahitaji mtu mzima kando yake. Lakini nimeona kwa macho yangu mtoto akiandika kiingereza kwa sababu hawezi kuvumilia kutojua mwisho, basi siwezi tena kusema msinunue. Nunueni. Ila kizima.

Na hapa niseme na hivi vijitabu vilivyofupishwa wanavyotuuzia kwamba ndo vya wanaojifunza lugha. Nilikuwa navitetea. Nilimnunulia kimoja cha hadithi nyingine maarufu, siitaji, wamekikamua hadi limebaki fulani akaenda, fulani akaona, fulani akarudi. Maneno rahisi ndiyo, mtoto alikimaliza haraka, akakiweka, hakuuliza swali hata moja. Mnaondoa kila kitu kinachomtia hamu mnamwachia sarufi tu, halafu mnashangaa hapendi kusoma. Sawa, najua vipo vilivyofupishwa kwa akili, na kwa mtoto anayeanza kabisa vinasaidia, sitaki kuwa mkali kupita kiasi. Lakini aah, hapana, kama ni anayeanza kabisa basi mpe hadithi fupi iliyozaliwa fupi.

Kwa mfano The Gruffalo ya Julia Donaldson, 1999, michoro ya Axel Scheffler. Panya anapita msituni anakutana na mbweha, bundi, nyoka, kila mmoja anataka kumla, naye anawatisha na jitu alilolitunga kichwani, mpaka jitu lenyewe linajitokeza kweli. Ni akili ya sungura mtupu, mtoto wa kwetu anaingia humo bila kuelekezwa. Mwandishi alianzia kwenye ngano ya kichina ya mbweha na chui milia. Maneno yale yale yanarudi kila anapokutana na mnyama na yana vina, mdogo wake mtu ambaye hata shule hajaanza anaimba kipande kizima. Au Where the Wild Things Are ya Maurice Sendak, 1963, maneno hayafiki hata 400, mtoto mtukutu kanyimwa chakula cha usiku, chumba chake kinaota msitu, anapanda mashua anakwenda kuwa mfalme wa madubwana, akirudi anakuta chakula chake bado cha moto. Hicho tulisoma mpaka kurasa zikalegea.

The BFG ya Roald Dahl, 1982, hapo nimegawanyika. Lile jitu linaongea kiingereza kilichovunjika na maneno ya kubuni ambayo kwenye kamusi huyapati, mwanzoni nilikasirika, nikasema hii itamharibia mtoto lugha. Ila binti alilipenda kuliko wote, kwa sababu lile jitu halikwenda shule, limejifunza kuandika kwa kurudia rudia kitabu kimoja cha Dickens, na likikosea, Sophie, yule msichana mdogo anayekuwa rafiki yake, halidharau. Tangu hapo akikosea neno haogopi tena. Sasa mimi nitasemaje ni kibaya. Kisubiri tu kidogo, kisiwe cha kwanza.

Asiye na hela ya vitabu aingie African Storybook kwenye intaneti, ni bure, hadithi fupi za watoto zimepangwa kwa ngazi, na nyingi unazipata kwa kiingereza na kwa kiswahili, mtoto anasoma hii akikwama anachungulia ile. Ukiprinti stationari inakugharimu shilingi chache na kurasa zote zipo.

Nyota kwa hadithi yenyewe, tano. Kwa yule jamaa sitoi hata moja, na kwa mara ya kwanza nimewaambia wazazi wa mtaa mzima wasipite kile kibanda.

Na mkienda kununua Narnia, angalieni namba. Matoleo ya siku hizi yameandikwa namba 1 kwenye The Magician's Nephew, ambacho kilitoka 1955, kwa sababu habari zake zinatangulia zote, na muuzaji atakwambia uanze na hicho. Msianze na hicho, humo anayesoma anadhaniwa ameshatamani kujua lile kabati na ile nguzo ya taa vilitoka wapi. Anzeni na kilichoandikwa namba 2, yaani hiki cha simba na kabati, halafu nendeni Prince Caspian, hicho ndicho tunachokitafuta sasa hivi, na kama kuna mtu Dar ana kizima cha kuuza aniambie bei.