Kutoka Uwanja wa Nyerere hadi nyumbani: usafiri upi uchukue, kwa mpangilio wangu

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi Posta, katikati ya Dar es Salaam, ni kama kilomita 12 tu. Lakini Dar si Posta peke yake. Wa Masaki, wa Mbezi Beach na wa Kigamboni hawalipi nauli moja hata wakitoka mlango mmoja. Kwa hiyo kabla hujaitikia "Bosi, teksi?" ya kwanza pale nje, jua unashukia wapi na utaje mtaa. Ukisema "mjini" umempa dereva nafasi ya kupanga bei mara mbili.

Namba moja: dereva unayemjua. Najua wa programu za kuita gari kwa simu watabisha. Lakini kila familia Dar ina dereva wake, na kama huna, shangazi anaye. Bei mnaelewana kabla hujapanda ndege, na ukitua saa nane usiku na watoto wamelala begani, hutaki kuanza kuvutana na mtu. Mtumie namba ya ndege na umwambie jengo la abiria utakalotokea. Ndege ndogo za ndani nyingi hutua Jengo la Kwanza, ambalo liko mbali na la Pili na la Tatu; akienda siko, mtasubiriana kila mtu kwake. Muulize pia kama hela ya maegesho imo kwenye bei.

Namba mbili: programu za simu, yaani Bolt na inDrive. Mchana, mtu mmoja na begi moja, gari la kukodi la bei nafuu kuliko hili hulipati. Kwenye inDrive unataja bei wewe, dereva naye anakubali au anapandisha. Ila bei ya kwenye simu si mwisho wa mazungumzo. Atapiga: "Unaenda wapi? Unalipa keshi?" Akisikia kadi, atakuomba ufute safari. Inaudhi, lakini ina sababu: kampuni inakata kamisheni, na keshi inaingia mfukoni leo leo. Ugomvi huo ni wa siku nyingi. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, ilipoishusha kamisheni hadi asilimia 15 mwaka 2022, Uber, programu nyingine ya aina hii, ilisimamisha huduma zake nchini, ikarudi 2023 baada ya kiwango kupandishwa, kisha ikaondoka tena 2026. Wewe uwe na noti ndogo au hela kwenye simu, maana "sina chenji" ni wimbo wa kila dereva.

Wengine watakuambia utoke hadi barabarani ili wasilipie maegesho. Kama ni mchana na una kibegi cha mgongoni, nenda. Usiku na masanduku, mwambie aingie, hela ya maegesho utatoa wewe. Na usipande kabla hujalinganisha namba ya gari na iliyo kwenye simu.

Namba tatu: teksi za uwanjani. Ni ghali, ila zipo saa zote, hata programu inapozunguka bila kuleta gari. Kwa Posta wanaweza kukuanzia elfu 40 au 50, wakati programu mara nyingi inasoma karibu nusu ya hapo. Basi ifungue programu, umwonyeshe dereva, halafu mzungumze kama watu wazima. Hatashuka mpaka hapo, lakini atashuka. Malizeni maelewano kabla begi halijaingia kwenye buti, likishaingia, umekwisha. Kama ni Kigamboni, uliza nani analipa tozo ya Daraja la Nyerere. Kama ni Ubungo au Mwenge, mtapinda kwenye makutano ya TAZARA na kuishika Barabara ya Mandela pamoja na malori ya bandarini, kwa hiyo mkubaliane bei ya safari nzima, asije akakudai "ya foleni" mkifika.

Daladala na bodaboda naziweka mwisho, ingawa mkazi mwenye begi dogo hana haja ya kuona aibu. Daladala za Gongo la Mboto zinapita hapo nje, Barabara ya Nyerere, kwa nauli isiyofika hata elfu moja. Asubuhi usijisumbue: zinafika zimeshajaa, na sanduku kubwa konda atalikataa au atalitoza nauli ya mtu. Boda nayo ni ya mwenye mkoba tu, na kama dereva hana kofia ya pili, mwache aende.