Pakiti mbili za chai ya mitishamba kutoka Mbuyuni: moja nitairudia, nyingine hapana

Mwezi wa sita Moshi kuna baridi ya kuingia mifupani, na huko kwetu Kibosho ndiyo usiseme, saa nne asubuhi ukungu bado umelala juu ya migomba. Ndipo nikawaza kumpelekea Mama chai ya mitishamba. Ana miaka 66, ana presha tangu 2014, na ameambiwa apunguze chumvi na sukari. Chai ya rangi bila sukari haimshuki kabisa. Nikaona nimtafutie kitu chenye ladha yake chenyewe.

Duka lenyewe ni dogo, upande wa Soko la Mbuyuni, jina nitaliacha. Lina rafu za mitungi ya vioo, mizani juu ya meza, na dada mchangamfu aliyenifungulia mtungi mmoja baada ya mwingine ninuse. Hilo nalisifia kwa moyo wote, kwa sababu maduka mengi ukigusa tu kifuniko unaangaliwa vibaya. Mchaichai wao umekaushwa kivulini, bado una ukijani wake. Nilitoka na pakiti mbili za gramu 100: ya choya kwa shilingi 6,000, na nyingine ya "tumbo na wepesi wa mwili" kwa shilingi 9,000.

Nianze na ya choya, ile ambayo wengine huita rozela. Ndani mna vitu vinne: choya, mchaichai, tangawizi na iliki. Vimeandikwa kwa Kiswahili mbele ya pakiti, na ukimimina kwenye sahani unaviona kimoja kimoja. Kijiko cha mezani kinatosha nusu lita ya maji yaliyotoka kuchemka. Ukifunika dakika saba, rangi inakuja damu ya mzee. Uchachu unatangulia, mchaichai unafuata, tangawizi inabaki kooni. Msiichemshe. Mara ya kwanza niliiweka jikoni itokote kama chai ya maziwa tuliyoizoea. Nyumba nzima ilinukia, lakini kikombeni harufu ilikuwa imekwisha na uchachu umekuwa mkali. Harufu ya mchaichai iko kwenye mafuta yake, na mafuta hayo huondoka na mvuke.

Dada wa dukani aliniambia choya "inamaliza presha". Hapo sikubaliani naye. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, uliochapishwa mwaka 2010. Watu 65 waligawanywa, wengine wakanywa vikombe vitatu vya choya kila siku kwa wiki sita, wengine kinywaji cha kulinganishia. Kwa wanywaji wa choya namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 7.2, kwa wenzao ilishuka 1.3. Si haba. Lakini wale walikuwa watu ambao presha yao imepanda kidogo na hawatumii dawa. Mama yuko kwenye vidonge viwili, kimoja ni kile cha kukojoza. Chai ikishusha na vidonge vikishusha, mtu anainuka kitini na kizunguzungu kinampeleka chini. Kwa hiyo nilimwomba anywe kikombe kimoja tu, mchana, na vidonge visiguswe. Wiki mbili mdogo wangu alimpima asubuhi na jioni, akaandika kwenye daftari. Namba zilibaki kama zilivyokuwa na kizunguzungu hakikuja. Mama anaipenda, anainywa bila sukari, na kwangu faida ya kwanza ni hiyo: sukari imetoka kikombeni.

Sasa pakiti ya pili, ambayo bado inanichoma moyo.

Mbele ilikuwa na maneno makubwa, "asilia, haina madhara". Nyuma, kwa herufi ndogo sana, kulikuwa na viungo vinane kwa majina ya Kilatini. Nilisoma *Cassia angustifolia*, nikamuuliza dada wa dukani. "Cassia ni mdalasini, dada." Nikaridhika, maana hata mimi neno hilo nimeliona kwenye pakiti za mdalasini. Mama akawa anakunywa vikombe viwili kila jioni. Siku ya nne mdogo wangu akanipigia: Mama anakwenda chooni mara tano, mara sita, tumbo linamsokota, miguu haina nguvu.

Nikapanda daladala mpaka nyumbani, nikachukua na ile pakiti, tukaenda zahanati. Tabibu alikuwa kijana mdogo. Alimwamkia Mama, akamuuliza kila kitu alichokula na kunywa, kisha akaisogeza pakiti dirishani apate mwanga. "Dada, huu si mdalasini. Hii ni sanamaki."

Sanamaki! Mtu mzima gani hajui sanamaki? Lau wangeiandika kwa jina hilo nisingeinunua. Mdalasini wenye jina la cassia ni *Cinnamomum cassia*, gome la mti mwingine kabisa. Sanamaki ni dawa ya choo kigumu, inafanya kazi, na hospitali zinaitumia, ila ni ya siku chache. Inausukuma utumbo na kuondoa maji mwilini, na pamoja na maji inaondoka potasiamu. Tabibu alikunja uso aliposikia habari ya kidonge cha kukojoza, kwa sababu baadhi ya vidonge hivyo navyo hupoteza potasiamu. Ikipungua sana misuli hulegea na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Na ule "wepesi wa mwili" unaouzwa kwa shilingi 9,000 ni maji yaliyotoka. Ukinywa maji unarudi palepale. Mafuta ya tumbo hayajaguswa.

Mama alipewa maji ya chumvi chumvi ya pakiti, kesho yake akapimwa damu, na siku ya tatu alikuwa shambani anakata majani ya ng'ombe. Nashukuru Mungu.

Nilirudi dukani. Dada alinisikiliza vizuri, akampigia mwenye duka, nikarudishiwa fedha yangu yote. Namwamini aliposema hakujua. Lakini baada ya wiki mbili nilipita tena, nikaikuta pakiti ileile kwenye rafu, na maneno yaleyale mbele. Haikuwa na alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, wala namba yoyote ya usajili. Ukiuza kinywaji kwa ahadi ya kutibu, umekwisha ingia kwenye dawa, na nchi hii ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala na sheria yake tangu 2002. Jina la Kiswahili kwenye pakiti halihitaji hata mashine mpya ya kuchapia.

Mnaokunywa vidonge vya presha, vya sukari au vya kuzuia damu kuganda, na wajawazito zaidi, chukueni pakiti yenyewe mumwonyeshe daktari au mfamasia, msimweleze kwa mdomo tu kwamba ni "chai ya asili". Mimi nilikuwa nikisema hivyohivyo, na neno hilo halimwambii mtu chochote.

Ya choya nitainunua tena, hapohapo, maana bado sijapata nzuri kuliko ile kwa bei hiyo. Mchaichai wa kuongezea tunakata wenyewe kihambani, shamba letu la nyumbani. Bibi aliupanda kando ya mfereji, na Mama ameanza kuupalilia.