Waifai inakatika: ubaki 2.4 au uhamie 5?

Ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, hutumia masafa ya mawimbi ya gigahezi 2.4 au 5. Gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta wa tofali vizuri zaidi, ila huko kuna msongamano: ruta za majirani, Bluetooth, hata maikrowevu ikiwashwa. Chaneli (njia ndogo ndani ya masafa hayo) zinazotumika bila kuingiliana ni 1, 6 na 11 tu. Fungua mipangilio ya ruta uchague isiyojaa.

Gigahezi 5 ina kasi na nafasi tele, lakini kuta mbili za zege huidhoofisha vibaya.

Kwenye ghorofa lenye wapangaji wengi ningehamia 5, na ruta ningeitoa nyuma ya televisheni (sijui nani alituzoesha kuificha huko). Simu ya chumba cha mwisho ibaki 2.4. Kompyuta ikikatika hata kwa waya, basi waifai haina kosa. Mpigie mtoa huduma.