Bango la rekodi za mabondia wakubwa linalouzwa Nasser Road: linunueni, ila anzeni kusoma safu ya mwisho

Wapenzi wa ngumi wa Kampala, siku hizi Nasser Road kuna bango la ukutani linauzwa, lina rekodi za mabondia wakubwa wa dunia, tumelinunua tukalibandika kwenye jim tunayofanyia mazoezi huku Naguru na watu wananiuliza kama hela inaenda mahali pazuri. Inaenda. Ngoja niwaeleze kwa nini, na wapi wamekosea maana wamekosea pia.

Bei ni shilingi 10,000 karatasi tupu, 15,000 ikiwa imepigwa laminesheni. Chukueni ya laminesheni tu, jim ina jasho na vumbi halafu vijana wanaligusagusa kwa vidole muda wote wakibishana, karatasi tupu haitadumu. Rangi ziko poa isipokuwa picha ya Joe Louis imeiva wino mpaka macho hayaonekani, na hiyo inaniuma kwa sababu yule mzee alikaa na ubingwa wa uzito wa juu kuanzia 1937 mpaka 1949 akautetea mara 25, angalau sura yake ingeonekana.

Sasa kazi yenyewe. Kila bondia ana mstari wake: aliyoshinda, KO (aliyoshinda kwa kumaliza mpinzani kabla raundi hazijaisha), aliyopoteza, sare. Hayo hata kwenye simu unayapata. Kilichonifanya nilipende hili bango ni safu ya mwisho kabisa upande wa kulia, wameandika jina la mtu wa kwanza kumpiga huyo bondia, na mwaka. Aliyewaza hiyo safu anaijua ngumi, nasema kweli, kwa sababu rekodi bila jina la mpinzani haikuambii kitu, mtu anaweza kuwa na ushindi 30 bila kupoteza kumbe wote waliowekwa mbele yake walikuwa wa kuokoteza.

Chukua Rocky Marciano na Floyd Mayweather. Marciano 49-0 (namba ya kwanza ni ushindi, ya pili kupoteza, na sare ikiwepo inakuja ya tatu), KO 43. Mayweather 50-0, KO 27. Wote wawili safu ya mwisho ina kistari tu, hakuna aliyewapiga. Vijana wetu wanasema basi Mayweather ndo mkubwa maana ana moja zaidi, mi nawaambia hiyo ya hamsini, Agosti 2017, ilikuwa na Conor McGregor ambaye hajawahi kupigana hata pambano moja la ngumi za kulipwa kabla ya usiku ule, wakati Marciano pambano lake la mwisho 1955 lilikuwa na Archie Moore, mtu aliyeangusha watu zaidi ya mia moja maishani mwake, na akamwangusha hata Marciano raundi ya pili kabla ya kumalizwa yeye raundi ya tisa. Lakini pia Marciano huyohuyo alimpiga Joe Louis 1951, Louis akiwa na miaka 37 na mwili umeshachoka, na hilo bango haliwezi kukuonyesha. Ndo maana nasema namba ziangaliwe na mwaka wake.

Julio César Chávez 107-6-2, wa kwanza kumpiga ni Frankie Randall 1994, yaani jamaa alikuwa ameshashinda mara zaidi ya 80 ndo akaonja kupoteza. Sugar Ray Robinson 174-19-6, wa kwanza ni Jake LaMotta Februari 1943, na baada ya hapo hakupoteza tena mpaka Randy Turpin alipomshinda London Julai 1951. Miaka minane! Mtu akiona ile 19 anadhani Robinson alikuwa anapigwapigwa, kumbe alistaafu 1965 akiwa na miaka 44 na nyingi kati ya hizo alizipata uzeeni. Muhammad Ali 56-5, wa kwanza Joe Frazier 1971, na kumbuka kabla ya hapo walimnyima leseni zaidi ya miaka mitatu kwa sababu alikataa kwenda jeshini, hiyo miaka ilikuwa ya ujana wake kabisa na hakuna safu inayoihesabu.

Haya, sasa kilichoniuma zaidi. Waganda wetu wamewekwa chini kabisa, kwa maandishi madogo, John Mugabi na Ayub Kalule, kama vile waliongezwa dakika ya mwisho karatasi ilipobaki na nafasi. Lakini hebu fuata ile safu ya mwisho kwa kidole. Roberto Durán ndo wa kwanza kumpiga Sugar Ray Leonard, 1980 kule Montreal. Leonard ndo wa kwanza kumpiga Kalule wetu, Juni 1981 Houston, raundi ya tisa, Kalule akiwa na 36-0 na ubingwa wa dunia wa WBA (hiyo pamoja na WBC na IBF ni vyama vinavyotoa mikanda ya dunia) aliouchukua Japani 1979, Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Ile furaha ya Leonard baada ya refa kusimamisha, akapiga sarakasi palepale ulingoni, mtu harukiruki hivyo akimpiga mtu wa kawaida. Halafu Marvin Hagler ndo wa kwanza kumpiga Mugabi, Machi 1986 Las Vegas, raundi ya 11, na Mugabi mpaka siku ile kila aliyepigana naye alimshinda kwa KO, hakuna aliyemaliza naye raundi zote. Na Hagler baada ya Mugabi alipigana mara moja tu, 1987, na nani? Leonard. Akapoteza kwa pointi akaacha ngumi moja kwa moja.

Kwa hiyo ukiiunganisha hiyo safu unakuta watu wetu wako katikati ya ile meza ya wakubwa, si pembeni. Kuna kijana mmoja hapa jim, anafunga bandeji mikononi huku anasoma kwa sauti, alipofika kwa Mugabi akaacha bandeji inaning'inia akauliza, "Kochi, huyu ni wa hapahapa?" Wa hapahapa, nikamwambia, na alishachukua medali ya fedha Olimpiki ya Moscow 1980 kabla ya kuingia ngumi za kulipwa, halafu 1989 akawa bingwa wa dunia wa WBC. Hilo la ubingwa bango halijaandika kabisa, wameweka 42-7-1 basi.

Na wawili hawamo kabisa. Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Kampala, bingwa wa dunia wa WBC 1981. Kassim Ouma, bingwa wa IBF 2004, mtu aliyetoka kwenye utoto wa kubebeshwa bunduki mpaka kufika huko. Bango linachapwa Kampala, linauzwa Kampala, hawa wanakosekanaje?

Kosa lingine ni Tyson. Wameandika 50-6. Novemba 2024 alipigana na Jake Paul kule Texas akapoteza kwa pointi, na lile lilikuwa pambano la kulipwa lililoidhinishwa, upende usipende, kwa hiyo ni 50-7. Safu ya mwisho kwake iko sawa, Buster Douglas, Tokyo, 1990.

Waliochapa, kama mnasoma hapa: toleo lijalo mpandisheni Kalule na Mugabi juu, herufi sawa na za Hagler na Leonard, ongezeni Boza-Edwards na Ouma, rekebisheni Tyson, na ile safu ya mwisho msiiguse.

Nyie wanunuzi, mwambie muuzaji alikunjue lote kabla hujatoa hela, wenzetu wa Katwe waliuziwa ambalo lilikatwa vibaya upande wa kulia, miaka yote ya safu ya mwisho imeondoka, na wakirudisha wanaambiwa kilichouzwa kimeuzwa.