Akiba ya tarakimu au akiba ya sababu?

Chukua watu wawili wanaoweka akiba. Wa kwanza anasema: nataka milioni moja. Wa pili: nataka mama apate kibanda chake hapa Likoni, Mombasa, asivuke tena feri alfajiri kwenda soko la Kongowea. Wote wanaweka shilingi 200 kwa siku.

Tarakimu inapimika, hilo silipingi. Lakini Idi ikikaribia, watoto wanadai nguo mpya na jamaa hawaachi kupiga simu, wa kwanza anatoa tu. Milioni haina uso. Wa pili akitaka kuzigusa anamwona mama kwenye foleni, kapu la mchicha kichwani. Anaziacha.

Nachagua sababu, kisha hesabu ifuate: 200 kila siku hufika 50,000 kwa siku 250, kiasi cha kuanzia kununua bondi ya serikali (yaani kuikopesha serikali upate riba), au kulipia kibanda.