Uzoefu wangu Lushoto: kwa miguu hadi Mtae, siku tatu

Nimetumia waongoza watalii wa Lushoto mjini, kwenye milima ya Usambara, kwa safari ya miguu ya siku tatu inayopita msitu wa Magamba na vijiji vya Lukozi na Rangwi hadi kijiji cha Mtae. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja imepotea kwenye malipo, nitaeleza huko chini.

Kufika si kazi. Mabasi ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha yanakushusha Mombo. Hapo unapanda gari dogo kupitia Soni, kilomita 33 za lami na kona mfululizo. Kama kona zinakuchafua tumbo, omba siti ya mbele na usile ukashiba Mombo. Chini ni joto kali, ila Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti usiku ni baridi ya kweli. Beba jaketi, sweta peke yake halitoshi.

Wengi huishia Irente, ukingo wa mlima unaotazama tambarare, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa miguu kutoka mjini. Asubuhi ukungu mara nyingi huziba kila kitu, kwa hiyo mimi nashauri alasiri, hasa siku iliyofuata mvua, vumbi la nyikani likiwa limetulia. Ukifika ukingoni usipige picha tu. Mwambie mwongoza watalii akuonyeshe Mazinde, kule chini kabisa kwenye tambarare, kwa sababu historia ya Usambaa unaweza kuifuata kwa macho kutoka hapo.

Wakilindi, ukoo wa Mbegha aliyeanzisha ufalme wa Wasambaa, walitawala kutoka Vuga, juu milimani. Mfalme wao Kimweri ye Nyumbai alitanua himaya hadi kukaribia pwani, akafariki mwaka 1862. Baada yake mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde, akapata nguvu kuliko waliokaa Vuga. Misafara ya biashara ilipita chini, na bunduki zilikuja na misafara. Semboja alimng'oa Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyerithi kiti, akamweka mwanawe Vuga, na yeye mwenyewe akabaki Mazinde. Ukisimama Irente unaelewa sababu bila kuambiwa: mwenye kushika njia ile ya chini ndiye aliyeshika biashara. Wajerumani nao walipofika, reli yao kutoka Tanga ilipita tambarare hiyohiyo, ikafika Mombo mwaka 1905, na mji wa Lushoto wakauita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Vuga nayo inafaa kutembelewa, ila usitarajie magofu ya mawe, maana nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Bila mzee wa pale wa kukusimulia utaona migomba tu. Mpange kabla ya kwenda.

Sasa safari yenyewe. Magamba ni hifadhi ya serikali, na kiingilio hulipwa kwa kumbukumbu namba (control number), si mkononi. Hapa ndipo bei ilipoharibika: niliambiwa kiingilio kimo kwenye gharama, tukafika getini kikadaiwa upya. Kabla ya kutoa hela, andikisheni vitu vitano: kiingilio cha msitu, posho ya mwongozaji, malazi, chakula, na nauli ya kurudi. Dai risiti ya msitu, na uone kitambulisho cha anayekuongoza.

Msituni angalia juu uone mbega, kisha angalia vichaka vya kando ya njia polepole, kwa sababu vinyonga wa huku husimama kwenye tawi bila kutikisika na mgeni huwapita. Anayewajua atakuonyesha dume mwenye pembe mbili puani. Usimshike. Mteremko ni udongo mwekundu, na ukilowa unateleza vibaya sana. Raba za mjini hazifai, vaa kiatu chenye meno na ushike fimbo, kwani magoti huumia zaidi kwenye kushuka kuliko kupanda. Machi hadi Mei mimi nisingekwenda.

Lukozi ni pa viazi na kabichi, malazi ni ya kawaida. Rangwi nyumba ya masista ni safi na chakula chao ndicho kizuri kuliko chote cha njiani, ila toa taarifa mapema ili wapike. Njiani salimia kwa Kisambaa: "onga makeo" asubuhi, "onga mshi" mchana. Watu hufurahi na mazungumzo hufunguka.

Mtae iko juu ya mgongo mwembamba wa mlima, pande mbili ni korongo, na siku ya anga safi unaona milima ya Pare. Toa pesa za kutosha Lushoto mjini, kwa sababu huku juu usitegemee benki. Basi la kurudi huondoka usiku wa manane kuelekea alfajiri, kwa hiyo ulizia saa yake jioni ileile unapofika na umwombe mwenye nyumba akuamshe. Likikuacha, umeongeza siku nzima.